Makofi Chini ya Kanga

Salma, mjukuu wa marehemu dada yangu Rukia, alinitumia michezo mitatu kwenye simu akaniomba niicheze yote, kisha nimwambie upi mzuri na upi haufai. Yeye na wenzake huko chuoni huitunga wenyewe, huchezeana na kupeana alama. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi niliishia darasa la nne. Alama nitazitoa wapi?" Akacheka. "Bibi, wenzangu wananisifia tu. Wewe huoni haya kumwambia mtu kwamba chumvi imezidi."

Michezo yenyewe haina picha, mwenzangu. Haina mpira wala magari wala watu wa kupigana. Ni maandishi matupu. Simu inakwambia uko mahali fulani, mbele yako kuna kitu fulani, je, utafanya nini? Unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu kilichotokea, hivyo hivyo mpaka ushinde au ufe. Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari, miwani puani.

Wa kwanza ni nyumba ya vyumba saba iliyofungwa miaka mingi. Harufu ya popo na ya makuti yaliyooza ameipata sawasawa, nikawa najikuna shingo. Lakini kwenye ngazi nilikutana na mzee, nikaandika "shikamoo", simu ikanijibu kwamba haijui neno hilo. Nikaandika tena, ikakataa tena. Basi nikampita mzee wa watu kama nampita mbuzi. Nilimwambia Salma ama aifundishe simu adabu, ama amwondoe mzee. Wa pili ni soko, na huo niliupa alama ndogo. Mchuuzi wake unamrudia mara ishirini kwa bei ileile, hakasiriki, hakutukani, hakuulizi kama mama yako ndiye aliyemvua samaki. Mchuuzi wa wapi huyo?

Wa tatu ndio ulionikalisha kitako. Msichana amelala kitandani mahali pa dada yake, na dada ametoroka kwenda kufanya mtihani. Mlangoni kuna mwanamke mzee. Kila ukijigeuza kitanda kinalia, na mzee anauliza, "Nani humo?" Unamdanganya hivi, anaamini. Unamdanganya vile, anaamini. Mwisho simu ikaniandikia: Hongera, umemshinda ajuza mpumbavu. Nikaizima.

Salma hana kosa. Kisa hicho alikisikia kwa bibi yake Rukia, na bibi yake alikisimulia hivyo kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokisema mimi mbele za watu. Aliyelala kitandani nilikuwa mimi. Mwanamke yule alikuwa na jina, Zuhura binti Makame wa Mitole, na upumbavu hakuwa nao hata wa kuazima. Keti nikusimulie, maana aliyenikataza na waliohusika wote wamekwisha lala kaburini.

Ilikuwa Kivinje, miaka ile ya mwanzo wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wewe wa rika langu unaikumbuka. Tulitoka kwenye kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, mara duka la Mzee Sefu likawa na sabuni za rangi tatu na kanga mpya zinazonukia kiwanda, na sokoni mitumba ikamwagwa chini kama dagaa. Tuliishi kwa bibi yetu mzaa baba, Bi Mwanakombo. Mama alikuwa ameolewa tena Songo Songo. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akirudi nyumbani Ijumaa na miguu iliyochanika visigino. Asubuhi nyumba ilinukia uji wa mchele, alasiri ilinukia liwa la kupaka mwilini, kwa sababu ndani tulikuwa na mwali.

Mwali ni Rukia. Alivunja ungo akiwa darasa la saba, Bibi akamweka ndani siku hiyohiyo. Mwali hatoki, haonekani na wapita njia, akiwa mbele ya watu hujifunika kanga gubigubi, na sauti yake haivuki ukuta. Mwuza mitumba mmoja wa Lindi, Bwana Hemedi, alikwisha leta sanduku la uchumba lenye kufuli la shaba. Korosho zikiuzwa, ngoma ichezwe. Ngoma ikichezwa, ndoa.

Aliyemlea mwali wetu ni huyo Zuhura, somo yake, yaani kungwi wa kumfunda. Alikuja kila alasiri, mfupi, mweusi, na lafudhi yake ya Kimatumbi inayoburura maneno. Akishamaliza mafunzo ambayo sisi wadogo tulitolewa nje tusiyasikie, alituita ndani. Tulikuwa wanne: mimi Hadija, Mwajuma Likwata, Sofia binti Ali, na mdogo wake Zainabu aliyekuwa na jino lililopanda juu ya jingine. Hapo ndipo alipotupeleka safari.

Safari ulikuwa mchezo wake. Sijawahi kuuona kwa mtu mwingine mpaka Salma aliponiletea simu. Anaanza tu: "Umetoka. Mbele yako kuna kisima, ndoo ipo, kamba hakuna. Unafanya nini?" Unasema tendo moja, moja tu, naye anakwambia kilichokupata. Huruhusiwi kuuliza. Ukisahau ulichobeba, kimepotea. Ukimpita mkubwa bila kumwamkia, anasema "Umelala," yaani umekufa, unajongea ukutani. Mwali, kwa kuwa sauti yake haitakiwi, alicheza kwa makofi ya viganja vilivyokunjwa, chini ya kanga. Kofi moja, ndiyo, au kulia. Mawili, hapana, au kushoto. Matatu, nasubiri.

Rukia alikuwa mchezaji wa kusubiri. Pa, pa, pa. Akikutana na chui, anasubiri. Akikutana na mlango uko wazi, anasubiri. Sofia alikuwa akimcheka, "Dada Rukia ataozea njiani." Mimi nilikuwa wa kwenda. Nilikufa mara nyingi, lakini nikishinda nilishinda kabla wengine hawajatoka uani.

Sasa Mwalimu Chilumba, mtu wa Newala aliyefundisha darasa la saba, alikuja nyumbani siku moja amevaa shati lake la kanisani. Bibi hakumpa kigoda.

"Rukia ana homa," Bibi akasema.

"Homa ya wiki sita, mama?"

"Homa zetu ndivyo zilivyo, mwalimu. Nyinyi wa huko juu mna baridi."

Mwalimu akatazama ukuta wa chumba, akasema kwa sauti iliyozidi ile ya kuongea na mtu mmoja: "Mtihani ni Jumatano na Alhamisi. Saa mbili asubuhi. Asiyekuwepo, hakuna marudio." Akaenda zake. Ndani, Rukia alinishika mkono akauminya mpaka ukafa ganzi.

Mpango aliupanga yeye, yeye mtu wa kusubiri. Siku za mtihani wa darasa la saba madarasa mengine hayasomi. Mimi nikamuaga Bibi kwamba nakwenda pwani kuokota kome, nikazunguka nyuma, nikaingia kupitia makuti ya bafuni tuliyoyalegeza. Rukia akatoka humo humo, sare mwilini, buibui juu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili lakini mrefu sawa na yeye. Nikajilaza kitandani, nikajifunika kanga yake mpaka kichwani. Akikutwa nje, tulijua, ndoa itafungwa Ijumaa hiyo hiyo bila ngoma, na shule itakuwa imekwisha. Alitakiwa arudi Bibi akiwa kwenye sala ya adhuhuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kulala tu. Somo huja alasiri.

Siku hiyo alikuja asubuhi.

Nilisikia kandambili zake uani. Bibi alikuwa amekaa mlangoni pa chumba anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Mbona asubuhi, Zuhura? Umekosa chai kwako?"

"Chai ninayo. Nimekosa mtu wa kuninyima." Wakacheka. "Alasiri nina hitima Singino. Nimesema nianze na mwali wangu."

Akaingia, akaketi mkekani karibu na kichwa changu. Alinukia tumbaku ya kutafuna na mafuta ya nazi. Chini ya kanga palikuwa na joto, jasho likanitiririka sikioni, nikashindwa hata kulifuta. Hakunigusa. Akasema, "Haya, mwali. Safari." Na Bibi mlangoni akasema, "Mpe ngumu, amezidi kulala huyu."

"Umetoka," akaanza. "Umefika njia panda. Kulia kuna moshi. Kushoto kuna mtu anatwanga, lakini mchi hausikiki. Unakwenda wapi?"

Mimi moyo ulikwenda kushoto. Mchi usiosikika! Nani asingetaka kuona? Lakini nikajiambia, wewe ni Rukia. Nikapiga matatu. Nasubiri.

"Umesubiri. Moshi umekwisha, anayetwanga amekwenda zake. Amekuja mzee amekupa mgongo."

Nikagonga kitanda kwa ncha za vidole, ndivyo mwali anavyoamkia. Hilo nililikumbuka. Akanipitisha. Tukaenda hivyo, yeye anauliza, mimi nasubiri, nasubiri, mpaka nikaanza kupumua vizuri. Nikamsikia Bibi akipiga miayo. Nikajisemea, kumbe ni rahisi.

"Umefika kisimani," akasema somo.

Kisima kile kile. Jana yake Rukia alikuwa amekifia, na mimi kabla yake, na Sofia, na Mwajuma. Hakuna aliyekivuka. Nilikuwa nimekifikiria wakati nakula, wakati naosha sufuria, wakati Bibi ananisuka nywele, na nilikuwa nimekipata.

"Ndoo ipo, kamba haipo," akasema. "Kulia kuna ugwe uliooza. Kushoto hakuna kitu, ila nguo uliyoivaa. Au unasubiri?"

Nguo! Unaivua kanga, unaikata vipande, unaiunga. Nilijua. Na mikono yangu, mwenzangu, haikuniuliza. Nikapiga mawili.

Nilisikia ukili wa Bibi ukikwaruza, na kuku uani. Nikaelewa nilichokifanya. Rukia asingevua nguo yake mbele ya kisima, hata cha hadithi. Alikuwa akioga na kanga. Kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo, na mwanamke aliyeketi karibu na kichwa changu alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyemlea.

"Umefunga nguo ndooni," akasema polepole. "Maji yametoka. Hakuna aliyewahi kuyatoa."

"Kumbe ana akili!" Bibi akasema.

"Anazo." Sauti ya somo haikubadilika. "Haya, mwali. Maji haya unayanywa wewe, au unampelekea mtu? Wewe, moja. Mtu, mawili."

Sikujua ananitega au ananiuliza. Nikapiga mawili.

"Mtu huyo ni wa damu yako?"

Moja.

"Atafika kwako jua likiwa utosini, moja. Likiwa limeshuka, mawili."

Moja.

"Mbona leo maswali mepesi hivyo?" Bibi akauliza. "Hata mimi ningejibu." Nikasikia goti lake likilia, anainuka. "Ngoja nilete liwa nimpake, nishalisaga. Ngozi yake imeanza kupauka."

Liwa! Kupaka liwa ni kufunua kanga. Nilimsikia Bibi akienda kuchukua bakuli, nikamsikia akirudi, nikalisikia bakuli likiwekwa mkekani. Harufu yake ikaniingia chini ya kanga.

Somo akasema upesi, kwa sauti ile ile ya hadithi: "Njiani umekutana na mwanamke ana fimbo. Anaweza kukupiga, anaweza kukupisha. Unamwambia ukweli?"

Kwenye safari zote nilizocheza, nilikwenda mbele bila kufikiri. Pale nilifikiri. Niliona sanduku la Bwana Hemedi na kufuli lake. Nilimwona Rukia ameinama juu ya dawati, kalamu mkononi, hajui lolote. Mkono wa Bibi ulikuwa umeshashika ncha ya kanga miguuni pangu. Nikapiga moja.

"Acha, Bi Mwanakombo," somo akasema. "Leo hapakwi."

"Kwa nini?"

"Ameingia siku zake, na nimemwekea dawa yangu. Asiguswe mpaka alasiri. Ukimgusa dawa imeharibika, na mimi sirudii."

Kwa mambo ya mwali, neno la somo hakuna anayelipinga, hata mwenye nyumba. Mkono ukaiachia kanga. Bibi akarudi na bakuli lake, ananung'unika kwamba liwa litakauka bure. Somo akainama kana kwamba ananitengenezea mto. "Na kesho?" akaninong'oneza. Nikapiga moja kwa kidole, juu ya mkono wake. "Usimwambie dada yako kwamba nimejua. Akijua, kesho miguu itamtetemeka."

Rukia alirudi jua likiwa utosini. Sikumwambia. Nilimwambia tu somo alikuja, nikacheza, nikamdanganya. Akanikumbatia mpaka tukaanguka.

Alhamisi somo alikuja saa moja na ukili wake mwenyewe. Akaketi mlangoni bega kwa bega na Bibi, wakasuka mpaka adhuhuri, akizungumza mfululizo habari za hitima, za pilau lililoungua, za mke wa nani kavaa nini, hata Bibi hakupata nafasi ya kuinuka. Hakunichezesha. Hakuingia chumbani hata mara moja.

Korosho zilikuwa hazijauzwa bado Mwalimu Chilumba alipokuja na karatasi, siku ya Ijumaa makusudi, baba akiwepo. Wasichana wawili tu wa shule ile walichaguliwa kwenda sekondari, na mmoja ni Rukia. Baba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Bibi ndiye aliyeuliza: "Amefanya mtihani lini?"

Majirani walikwisha jaa uani. Baba akasema mtoto ataenda, sanduku la watu lirudishwe. Bibi hakubishana naye. Aliagiza somo aitwe, na alipofika akamsimamisha mbele za wanawake wote.

"Zuhura. Jumatano ile, ulicheza na nani?"

Somo alifungua mdomo. Mimi nilijua atakachosema akisema kweli: kwamba aliona, akanyamaza, mwali akiwa barabarani. Somo wa namna hiyo hufukuzwa mjini. Nikaruka katikati.

"Alicheza na mimi! Nilimdanganya. Hakujua kitu."

Wanawake wakaangua kicheko. "Ala, Zuhura! Mtoto mdogo!" "Macho yamekwenda, shoga." "Somo hamtambui mwali wake, si atamwoza bwana harusi mwingine!" Yeye alinitazama mimi peke yangu, muda mrefu. Kisha akatazama chini.

"Kweli," akasema. "Mtoto kanishinda."

Nilidhani nimemwokoa. Toka siku ile hakuna aliyemwita kulea mwali wake, Kivinje wala Masoko. Mwanamke ambaye mama zetu walimgombania akarudi Mitole kulima mbaazi. Na Bibi akanigeukia mimi. "Mwenye akili ya kumdanganya Zuhura, shule atakwenda kutafuta nini?" Ndiyo mwisho wa masomo yangu. Rukia alipoondoka kwenda sekondari Lindi, mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi.

Kisa kikakua. Rukia alikisimulia kwenye harusi, kwenye maulidi, kwa wanawe, kwa wajukuu, na kila mara watu walinicheka kwa sifa na kumcheka somo kwa ujinga. Nami nilikuwa nimekaa hapohapo natabasamu. Nilikuwa nimeahidi nisimwambie dada yangu, na ile ahadi nikaifanya kichaka cha kujificha.

Nilikwenda Mitole mara moja, mwanangu wa kwanza yuko mgongoni. Nilimkuta somo anapepeta mbaazi. Nikamwamkia, nikalia, nikamwambia nitasema kweli mbele ya watu. Akaniambia nimshushe mtoto amwone. Akamshika vidole, akavihesabu.

"Somo," nikamwuliza, "kwa nini ulinipisha?"

Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua lina joto. "Ulikuwa umeshayatoa maji kisimani. Ningekuuaje?"

Alifariki masika yaliyofuata. Siku hizi mwali akikaa ndani ni siku tatu, na simu anayo. Nimejaribu kuwapeleka wajukuu safari, nikashindwa. Majina ya wote waliokaa mkekani ninayo, hata la paka, lakini safari zenyewe zimekwenda, kwa sababu nusu yake ilikuwa kichwani mwa Zuhura na nusu ilikuwa mikononi mwetu. Alikuwa akikusikiliza. Kwa kofi moja alijua una njaa, una hofu, au umemficha mtu. Pale mazikoni walimsifu kwa sala na kwa ukarimu, na mmoja akakumbushia, kwa kumhurumia, jinsi alivyodanganywa na mtoto. Nilikuwepo. Sikusema.

Basi nasema sasa. Zuhura binti Makame hakudanganywa na mtu. Alijua, akanipisha.